Krisanthemu za mashindano: niliyoyapitia kaskazini mwa Uingereza

Kwa miaka kadhaa nilikata vipandikizi vya krisanthemu kwenye shamba moja la maua kati ya Tengeru na Usa River, na katika muda wote huo sikuwahi kuona ua lake likifunguka. Shamba la vipandikizi haliruhusu mmea mama utoe ua. Usiku taa zinawashwa ili mmea uone kama siku bado ni ndefu, basi unaendelea kutoa majani na machipukizi tu. Asubuhi tunapita kwenye matuta tukivuna chipukizi za urefu mmoja, tunazihesabu kwenye mifuko, zinapozwa, zinapakiwa kwenye lori kwenda uwanja wa ndege, na baada ya muda mfupi ziko Uholanzi. Nilijua kunawa dawa kabla ya kuingia kitalu nyumba, nilijua kuitambua kutu nyeupe, ugonjwa wa krisanthemu, mgongoni mwa jani kabla msimamizi hajaiona. Ua lenyewe nililijua kwa picha ya kalenda iliyotundikwa ofisini.

Baadaye nikahamia kaskazini mashariki mwa Uingereza kumfuata mume wangu, nikapata kazi ya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ni mzee mmoja wa humo aliyeniomba nimsindikize Novemba kwenda ukumbi wa klabu ya mtaani kwao kuona maua. Nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi mlangoni, na pale mbele yetu kulikuwa na meza ndefu ya krisanthemu nyeupe za aina ya John Hughes, zimejikunja petali kwa petali kuelekea juu hadi kila ua limekuwa mpira mzima, na zote tano kwenye vasi moja zikiwa za ukubwa ule ule. Machozi yalinitoka. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeona kazi ya mikono yangu inaishia wapi.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka napata maswali kutoka kwa Waswahili wenzangu walioko huku, wengi wamepata kiwanja cha bustani cha halmashauri na wanataka kujaribu maua ya mashindano. Wanauliza mbolea gani, dawa gani, mbegu wapi. Ninachotaka kuwaambia kabla ya hayo yote ni kwamba maua haya yanashindaniwa kwa tarehe. Ua zuri kuliko yote ukumbini halina faida likikomaa Jumanne wakati maonesho yalikuwa Jumamosi iliyopita. Mimi ilinichukua misimu na fedha kulielewa hilo, na sioni sababu ya mwingine kulipia tena.

Kwanza niseme kidogo kuhusu mahali penyewe. Huku ni nchi ya migodi ya makaa ya mawe iliyofungwa, na wachimbaji walikuwa na desturi ya kutoka chini ya ardhi na kwenda moja kwa moja bustanini. Walishindania liki (mboga ya jamii ya kitunguu), vitunguu, dalia na krisanthemu, na mpaka leo katika mji wa Ashington na vijiji vinavyouzunguka liki zinashindaniwa kwa ukali kuliko mpira wa miguu. Chama cha kitaifa cha wakuza krisanthemu cha Uingereza kinahesabu chimbuko lake tangu mwaka 1846, kwenye kikundi cha wapenda maua cha Stoke Newington, London. Ua lenyewe asili yake ni China, na Japani limekuwa nembo ya ufalme, lenye petali 16. Sisi nyumbani tunalo ndugu yake wa karibu, pareto, lile ua jeupe linalolimwa Mbeya, Iringa na nyanda za juu za Kenya kwa ajili ya dawa ya wadudu. Mtu aliyevuna pareto akinusa jani la krisanthemu atajua mara moja kuwa ni ukoo mmoja.

Kiwanja nilikipata baada ya kusubiri kwenye orodha ya halmashauri. Kodi yake ni pauni 50 hivi kwa mwaka, hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni vitu vingine: kitalu nyumba kidogo cha mtumba, udongo wa kupandia, vyungu vya saizi tatu, fito, mifuko ya karatasi, waya wa kupasha joto kitanda cha vipandikizi, na umeme wa kuulisha waya huo Februari nzima. Mche mmoja wenye mizizi kutoka kwa wauza miche ulikuwa pauni mbili na nusu. Ukitaka vasi ya maua matano yanayofanana, huwezi kununua mche mmoja wala miwili, maana lazima uwe na maua ya kuchagua. Tuzo ya kwanza kwenye kipengele cha kawaida katika klabu yetu ni pauni 4 na kadi nyekundu. Mwenye kutafuta faida ya fedha aende kwenye biashara ya maua ya kuuza, huku atafilisika.

Mama aliponipigia simu mwaka ule wa kwanza nikamweleza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na hayo maua mnayashindania kwa ng'ombe au kwa hela?"

"Kwa kadi, mama."

"Kadi ya nini?"

Nikashindwa kumweleza. Baadaye nilipompelekea picha ya kadi yangu ya kwanza, aliiprinti stendi, akaitia kwenye fremu, akaiweka sebuleni karibu na picha ya kipaimara changu. Kwa hiyo alielewa kuliko nilivyodhani.

Sasa kuhusu tarehe. Krisanthemu ni mmea wa siku fupi. Usiku ukirefuka kupita kiwango fulani, mmea unaacha kutoa majani na kuanza kutengeneza tumba la ua. Wataalamu wawili wa Marekani, Garner na Allard, ndio walioeleza jambo hili mwaka 1920 walipochunguza tumbaku na soya, na biashara yote ya krisanthemu duniani leo inategemea ufahamu huo, pamoja na zile taa tulizokuwa tunaziona zikiwaka usiku kule Usa River. Arusha siku ina saa 12 hivi mwaka mzima. Hapa ninapoishi Juni mwanga unakaa zaidi ya saa 17, na Desemba unabaki saa 7 tu. Mimi nilikuja na mazoea ya nchi ambayo jua halibadiliki, nikadhani mmea ukilishwa vizuri utajua wenyewe lini utoe ua.

Kwenye mashindano mkulima anaitawala tarehe kwa kidole gumba na cha shahada. Anakata ncha ya mmea. Ncha ikiondoka, machipukizi ya pembeni yanaamka, na kila chipukizi analolibakiza litabeba ua moja. Siku aliyokata ncha ndiyo inayoamua, kwa kiasi kikubwa, siku tumba litakapotokea, na tumba ndilo linaloamua siku ya ua. Kwa aina za nje zinazochanua mapema, tumba likishatulia mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, utakuwa na ua wiki sita au saba baadaye. Kwa aina za Novemba zinazomalizia ndani ya kitalu nyumba, tumba linatakiwa lionekane mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Hesabu inaanzia siku ya maonesho na kurudi nyuma, kamwe isianzie siku ya kupanda.

Orodha ya wauza miche huandika tarehe ya kukata ncha kwa kila aina. Nilizifuata mwaka wa kwanza neno kwa neno. Matokeo yake maonesho ya Septemba yalifika nikiwa na matumba yaliyoanza tu kuonyesha rangi, na wiki mbili baadaye nilikuwa na maua mazuri ajabu nikayagawa kazini na kanisani. Tarehe zile zilikuwa za watu wa kusini zaidi, kwenye joto zaidi. Huku baridi inachelewesha kila kitu.

Aliyeniokoa ni jirani yangu wa kiwanja, mzee aliyefanya kazi mgodini tangu ujana wake. Hakuwa msemaji. Siku moja ya mvua alinikaribisha kwenye kibanda chake, akachemsha chai, akanisogezea daftari lenye madoa ya udongo. Kila ukurasa ulikuwa na jina la aina moja ya ua, na chini yake safu nne: siku aliyokata ncha, siku alipobakiza tumba, siku ua lilipokuwa tayari, na siku ya maonesho. Mwaka baada ya mwaka, kwa udongo ule ule na upepo ule ule wa bahari ya kaskazini. Aliniruhusu ninakili. Yale maandishi yamenifaa kuliko mche wowote nilionunua, na ndiyo sababu ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni kumtafuta mtu anayelima eneo lako na kumwomba tarehe zake, kwa adabu, ukiwa umeshaonekana unafanya kazi. Hakuna aliyewahi kuninyima. Watu hawa wanazeeka, vilabu vinafungwa kimoja kimoja, na wanatamani kuona mtu wa chini ya miaka sitini akishika jembe.

Na wewe uanze daftari lako siku hiyo hiyo.

Majira ya joto kazi ni ya kila siku ila si nzito. Kwenye mmea uliokatwa ncha unachagua machipukizi yenye nguvu, mengine unayatoa. Kwa maua makubwa ya nje nabakiza mashina mawili au matatu kwa mmea, kwa ya wastani manne mpaka sita. Kisha kila kikwapa cha jani kinataka kutoa tawi lake, na unayavunja yakiwa bado madogo, kila baada ya siku chache, bila kuchoka. Tumba kuu likitokea juu kabisa, huzungukwa na matumba madogo. Hayo yote huondolewa ili nguvu iende kwa moja. Fanya hivyo asubuhi mmea ukiwa umejaa maji, maana yanakatika kwa urahisi kwa kusukumwa pembeni na kidole. Mchana wa jua yanakuwa laini kama mpira na utalijeruhi lile unalolitaka. Nimeona mtu mzima akiketi chini na kushika kichwa baada ya tumba kuu kumbakia mkononi, na miezi mitano imekwenda.

Mbolea ninaitaja kwa ufupi. Naitrojeni mwanzoni, potasiamu zaidi baadaye, na ukiona rangi kwenye tumba acha kulisha. Ua lililoshibishwa naitrojeni linakuwa kubwa na laini, na unyevunyevu kidogo tu wa Septemba unaliozesha petali za chini kwa madoa ya kahawia.

Mifuko ndiyo sehemu niliyoipenda tangu mwanzo. Maua ya nje meupe na ya njano hufunikwa kwa mifuko ya karatasi isiyopitisha mafuta, miwili, mmoja ndani ya mwingine, ili mvua, umande na wadudu visiyafikie. Unasubiri tumba lifunguke kiasi cha kuonyesha rangi, ukubwa wa sarafu hivi. Unalikagua kwa kulipulizia, unaliangalia chini ya kila jani dogo lililolizunguka, maana mdudu mmoja ukimfungia ndani atakula kwa raha wiki tatu. Kisha unapuliza mfuko ujae hewa, unauvisha taratibu juu ya tumba, unakusanya shingo yake kwenye shina na kuifunga kwa waya laini, si kwa nguvu, ila hata sisimizi asipite. Unaandika tarehe kwenye mfuko kwa kalamu ya risasi. Baada ya hapo hufungui. Unapita jioni na kuukumbatia mfuko kwa viganja viwili kwa nje, unasikia ua linavyojaa. Bustani yangu mwishoni mwa Agosti huwa imejaa mifuko myeupe juu ya fito, na watoto wa jirani huuliza kama ni taa. Rangi za zambarau na nyekundu usizifunike, zinapauka gizani. Hizo ninazilinda kwa paa la plastiki tu.

Adui mkubwa wa mwezi huo ni yule mdudu mwembamba wa kahawia mwenye koleo mkiani. Anatoka usiku na kutafuna petali zikiwa bado changa, na tundu moja la jana usiku litaonekana ukumbini kama limepigwa na bisibisi. Wazee wananing'iniza chungu kidogo juu chini kwenye ncha ya fito, kimejazwa nyasi kavu. Mdudu anaingia humo kulala alfajiri, na asubuhi unakung'uta chungu kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Hakuna dawa iliyonisaidia kuliko hiyo. Vidukari na thiripi ninawapulizia mapema, kabla tumba halijaonyesha rangi, kwani dawa juu ya petali inaacha madoa.

Wiki ya maonesho ndiyo iliyonichosha kuliko yote, na hapo ndipo wengi wanaoanza hukata tamaa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kwanza soma ratiba. Kila maonesho yana kitabu chake cha ratiba kinachoeleza vipengele: vasi ya maua matano ya aina moja, vasi ya matatu, ua moja, aina zinazojikunja kuelekea juu, zinazoanguka nje kama mwavuli, na zilizo katikati ya hizo mbili. Chama cha kitaifa kimeyagawa maua yote kwa namba za sehemu, na kila aina ina namba yake. Allouise, kwa mfano, ni ya sehemu ya 25b, maana yake ni ya mapema, ya umbo la kati, ya ukubwa wa wastani. Ukiiweka kwenye kipengele kisicho chake, au ukiweka maua manne palipoandikwa matatu, jaji hatalitazama hata uzuri wake. Ataandika herufi tatu, NAS, yaani haikufuata ratiba, na basi. Mwanamke mmoja aliyeanza pamoja nami alipata kadi yenye herufi hizo kwa vasi iliyokuwa bora kuliko zote mezani kwa macho ya kila mtu. Alikuwa amechomeka tawi la ziada lenye tumba dogo ili kuziba pengo. Alilia kwenye maegesho, na mimi nikalia naye. Hakurudi mwaka uliofuata. Klabu nyingi zina kipengele cha wanaoanza, kwa wale ambao hawajawahi kupata nafasi ya kwanza. Ingia hapo kwanza, kuna nafasi ya kupumua.

Maua nakata jioni, siku mbili kabla, jua likishashuka. Mwisho wa shina naupasua kwa kisu, majani ya chini naondoa, na shina linazamishwa kwenye ndoo refu ya maji gerejini, gizani na kwenye ubaridi, linywe usiku kucha. Ua lililokunywa vizuri linasimama saa nyingi mezani. Lisilokunywa linainama saa tano asubuhi, majaji wakiwa wanakaribia.

Usafiri umenigharimu kuliko mbolea. Ua la ukubwa huo haliwezi kugusana na jingine, wala na ukuta wa gari. Kila moja linafungwa kwenye ufito wake, linavishwa kola ya karatasi laini chini ya petali, na linasimamishwa kwenye kreti lenye chupa za maji. Gari letu dogo lilibeba maua machache sana, na nilipoamua kwenda maonesho makubwa ya msimu wa vuli ya Harrogate, kule Yorkshire, tulilazimika kukodi gari la mizigo. Ukijumlisha mafuta, kodi ya gari na usiku wa hoteli, ile safari moja ilikula bajeti yangu ya msimu. Sijutii, kwani pale niliona meza za watu ambao wamelima aina moja maisha yao yote. Ila kwa anayeanza nasema baki kwenye klabu ya karibu mpaka ujue maua yako yanafika mezani yakiwa mazima.

Usiku wa kuamkia maonesho ukumbi unafunguliwa kwa washindani. Nendeni usiku huo hata kama hamna cha kuweka. Humo ndimo nilijifunza kupanga vasi. Unajaza vasi karatasi za magazeti zilizokunjwa na kulowanishwa ili mashina yasimame unapoyaweka. Unaanza na ua la nyuma, refu kidogo, kisha mawili ya mbele kwa kimo kimoja. Unarudi nyuma hatua tatu, unachuchumaa mpaka macho yawe sawa na meza, kwani jaji anatazama kutoka huko. Kisha unachukua brashi laini ya kuchorea na kibanio kidogo. Petali iliyojipinda unaielekeza kwa brashi, iliyoharibika unaing'oa kutoka kwenye kitako chake kwa mvuto mmoja. Mzee wangu wa daftari alinishika mkono nilipotaka kung'oa ya nne: ukizidisha, pengo linaonekana kuliko doa.

Na hapo ndipo nilipoelewa anachotafuta jaji. Mimi nilikuwa najivunia ua moja kubwa sana kati ya yangu matatu. Mzee akalitoa, akalipeleka kwenye ndoo, akaweka badala yake ua dogo zaidi lililofanana na wenzake. Vasi yenye maua sawa inaishinda vasi yenye ua moja la ajabu na mawili ya kawaida. Kisha akaligeuza kila ua na kunionyesha mgongo wake, petali za chini kabisa. Jaji ataliinua hivyo hivyo. Petali za mgongoni zikianza kuwa na rangi ya chuma au kulegea, ua limepita siku yake, hata kama uso wake unang'aa. Na katikati, kile kitovu cha njano kisionekane kwenye aina zenye petali nyingi, maana kikionekana ua linahesabiwa kuwa limekwisha. Kwa hiyo ua la kushinda lina siku mbili au tatu tu za maisha yake ambazo uso umejaa na mgongo bado mbichi, na siku hizo ndizo unazozitafuta tangu Februari.

Saa tatu asubuhi ukumbi unafungwa, washindani wote nje, majaji wanaingia na karani wao. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye zamu mbili za usiku kabla ya hapo, sijala, mikono inanuka majani. Milango ilipofunguliwa, Allouise zangu tatu za waridi hafifu zilikuwa na kadi nyekundu kwenye kipengele cha wanaoanza. Mume wangu aliruka. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikawaza wale wasichana niliofanya nao kazi, ambao asubuhi ile ile walikuwa kwenye matuta wakihesabu chipukizi. Niliwatumia picha. Mmoja akajibu, "Kumbe ndivyo lilivyo!"

Mwaka uliofuata sikupata kitu. Majira ya joto yalikuwa ya mvua mfululizo, na kutu nyeupe ikaingia. Niliiona mapema, vile vidoti vya njano juu ya jani na vipele vyeupe vya nta chini yake. Shambani kwetu tungeng'oa na kuteketeza mstari mzima siku hiyo hiyo, na ndivyo nilivyofanya huku nikisikitika, zaidi ya nusu ya mimea yangu. Wakuza wawili wa jirani waliamua kupulizia dawa na kusubiri, wakaishia kupoteza yote na mashina ya mwaka unaofuata pia. Katika hili sina huruma wala sitabadilisha msimamo: ukiona kutu nyeupe, ng'oa na choma. Wala usilete mche wowote kutoka nyumbani au likizo Uholanzi ndani ya sanduku. Mmea unaovuka mpaka unahitaji cheti cha afya ya mimea, na sababu yake ni magonjwa ya namna hii.

Majira ya baridi yanaanza mara maonesho yakiisha. Mashina bora, yaliyotoa maua sawa na si lazima makubwa, nayakata yabaki kiasi cha shubiri moja, nayang'oa, naosha udongo wote kwenye mizizi, na nayazamisha kwenye maji ya nyuzi 46 kwa dakika 5 ili kuua minyoo ya majani. Pima kwa kipimajoto, usikisie kwa mkono. Yanakaa kwenye masanduku ndani ya kitalu nyumba baridi, karibu makavu. Februari yanapata joto kidogo na maji, yanachipua, na mimi nakata vipandikizi vya sentimita 5 hivi chini kidogo ya pingili, mkono unafanya wenyewe kama zamani. Wazee wa klabu huniletea mashina yao niwakatie. Hapo ndipo walipoacha kuniita mgeni.

Swali ninaloulizwa zaidi na walioko nyumbani ni kama mashindano kama haya yanawezekana kwetu. Hali ya hewa ipo: Lushoto, Njombe, Limuru, na miteremko ya Meru ina ubaridi ambao ua hili linaupenda. Tena mkulima wa nyumbani ana nafasi ambayo mimi sina. Mimi nasubiri jua la Uingereza lipunguze siku kwa wakati wake. Yeye ana usiku wa saa 12 mwaka mzima, na balbu. Akiwasha taa juu ya mimea kwa saa chache katikati ya usiku, haitatoa tumba mpaka shina lifike urefu anaoutaka. Akizima, hesabu inaanza. Aina nyingi za kukata huchukua wiki 7 mpaka 10 tangu taa kuzimwa hadi ua kufunguka, kutegemea aina. Tuseme una aina ya wiki 9 na unataka kuipeleka viwanja vya Themi, Njiro, kwa ajili ya Nane Nane. Rudi nyuma wiki 9 kutoka tarehe 8 Agosti, unafika tarehe 6 Juni. Juni na Julai Arusha ni baridi na ua linachelewa kidogo, kwa hiyo zima taa nusu ya mimea mwishoni mwa Mei na nusu nyingine tarehe 6 Juni, uandike zote mbili kwenye daftari.

Aliye tayari kujaribu aniandikie. Tarehe zangu zote nitampa.